Kwa nini moshi wa tanuri unatulalia usiku na kuzidi asubuhi?

Swali: Shikamoo mwalimu. Naishi Mabogini, chini ya mji wa Moshi. Jirani yetu wa upande wa mlimani anachoma matofali. Tanuri hulikoka jioni, na kuanzia hapo moshi unatulalia usiku kucha. Alfajiri nikitoka nje nauona umejinyoosha juu ya mashamba ya mpunga, mstari mmoja mrefu. Kinachonishangaza ni kwamba ikifika saa mbili, saa mbili na nusu, jua limeshatoka, ndipo hali inakuwa mbaya kabisa kwa nusu saa hivi, halafu moshi unatoweka. Mchana kutwa tanuri linawaka na hatusikii hata harufu. Mwenye tanuri anasema anakoka usiku makusudi, kwa sababu hakuna upepo na moshi haumfuati mtu. Mwanangu wa pili ana pumu. Je, jirani anasema kweli? Na tumwombe afanye nini?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nianze na jibu lenyewe, maana una mtoto mgonjwa na si vizuri kukuzungusha. Jirani yako amekosea, ingawa sioni nia mbaya kwake. Usiku mtulivu usio na upepo ndio wakati mbaya kuliko yote wa kukoka tanuri karibu na watu. Na ile nusu saa ya asubuhi ina sababu inayojulikana vizuri: ni moshi uliokuwa ukipita juu ya mapaa yenu usiku, unashushwa na jua. Nitaeleza kwa urefu kidogo, ili ukienda kuzungumza naye uwe na la kumwambia zaidi ya malalamiko.

Wengi tunaamini kwamba moshi una tabia ya kusambaa wenyewe, kwamba ukiuacha tu utakwisha. Hauna tabia hiyo. Chembe nyingi za moshi wa kuni hazifiki upana wa sehemu moja ya elfu moja ya milimita. Kwa udogo huo hazina uzito wa kuzishusha: katika hewa iliyotulia tuli, huanguka sentimita chache tu kwa saa nzima. Kusambaa kwa nguvu zake zenyewe pia ni karibu na bure. Chembe yenye upana wa sehemu moja ya kumi ya hiyo niliyoitaja, ikisukumwasukumwa na molekuli za hewa peke yake, kwa saa moja husogea milimita mbili hivi kutoka ilipokuwa. Milimita mbili! Kwa hiyo moshi ulioachwa katika hewa isiyovurugika ungekaa palepale, mzito vilevile, hadi kesho. Kinachoupunguza ni msukosuko wa hewa, yaani ile mizunguko mikubwa kwa midogo inayochukua moshi na kuuchanganya na hewa safi.

Unaweza kuuona msukosuko huo ukizaliwa, ndani ya nyumba yako. Washa kijiti cha udi chumbani, funga mlango na dirisha, kaa kimya bila kujitikisa. Moshi utapanda kama uzi, umenyooka kabisa, shubiri moja au zaidi. Halafu uzi unaanza kuyumba. Unajikunja upande huu, unajikunja upande ule, mikunjo inajiviringisha, na ghafla hakuna uzi tena, kuna vurugu tupu inayopanuka kuelekea dari. Tazama chini ya mkunjo wa kwanza: moshi ni ule ule, lakini mwembamba na mzito. Tazama juu yake: umeshachanganyika na hewa ya chumba na huwezi kuuona vizuri. Tofauti yote ya usiku wako na mchana wako imo katika sehemu hizo mbili za uzi mmoja.

Mhandisi Osborne Reynolds, pale Manchester nchini Uingereza, alilionyesha jambo hilo mwaka 1883 kwa rangi aliyoipitisha katika bomba la kioo lenye maji. Alionyesha kwamba mtiririko hutulia au huvurugika kutegemea kasi yake, upana wake na mnato wa kimiminika chenyewe, yaani ugumu wake wa kutiririka. Ukivizidisha na kugawanya unapata namba moja. Ndani ya bomba, namba hiyo ikipita 2,000 na kitu, utulivu hauna hakika tena. Sasa piga hesabu ya hewa ya mchana juu ya Mabogini: kina cha kilomita moja, upepo wa mita 5 kwa sekunde. Namba inapita milioni 300. Hewa ya mchana haiwezi kutulia hata ikitaka.

Mtu aliyenisaidia zaidi kuelewa kinachofuata ni Lewis Fry Richardson, mtaalamu wa hali ya hewa wa Uingereza. Mwaka 1926 alichapisha jambo ambalo mpaka leo ndilo msingi wa somo hili. Chukua chembe mbili za moshi zilizo karibu. Mzunguko wa hewa wa upana wa mita mia moja ukizipitia utazibeba zote mbili pamoja, hautazitenganisha. Mizunguko midogo tu, inayolingana na umbali kati yao, ndiyo inayozivuta huku na huku. Lakini zikishaachana kidogo, mizunguko mikubwa zaidi inapata pa kushika, na zikiachana zaidi, mikubwa zaidi tena. Ndiyo maana wingu la moshi hutanuka polepole mwanzoni kisha kwa kasi inayozidi kuongezeka. Richardson aliona kwamba nguvu ya kutenganisha hukua kwa kipeo cha nne juu ya tatu cha umbali: umbali ukiongezeka mara nane, nguvu hiyo huongezeka mara kumi na sita. Baadaye, pamoja na mtaalamu wa bahari Henry Stommel, aliipima sheria hiyo majini kwa kutupa vipande vya mboga ya mizizi inayofanana na karoti nyeupe katika Loch Long, Scotland, na kuangalia vinavyoachana. Waliyachapisha matokeo mwaka 1948. Naupenda mfano huo kwa sababu unaonyesha kwamba swali zito laweza kuulizwa kwa kitu kinachookotwa jikoni.

Kwa hiyo swali la kumuuliza jirani yako ni hili: usiku wa Mabogini, hiyo mizunguko iko wapi?

Mchana ipo tele. Kufika saa tano ardhi imepata moto, hewa iliyo juu yake imepata moto, inapanda kwa mafundo makubwa, na hewa ya baridi inashuka kuchukua nafasi. Mwewe wanaozunguka juu bila kupiga bawa wamekalia mafundo hayo. Visulisuli vya vumbi unavyoviona kwenye barabara ya kwenda Kahe wakati wa kiangazi ni mzizi wa fundo kama hilo likijing'oa ardhini. Msukosuko huu unafika kilomita moja juu, wakati mwingine mbili, na moshi wa tanuri unakorogwa katika kina chote hicho. Ukiutazama mchana utauona unapanda na kushuka kama nyoka, hauna mstari. Inawezekana kabisa fundo moja likakushukia saa saba mchana na kukukohoza kwa dakika moja, kisha likapita. Hilo halipingani na ninayosema. Pumzi moja ni pumzi moja. Kinachomwumiza mtoto wa pumu ni saa nane za kuvuta hewa nzito bila kukatika.

Jua likizama mambo yanageuka. Usiku usio na mawingu ardhi inapoteza joto kwenda angani, na hewa inayoigusa inapoa nayo. Kufika saa tatu usiku hewa ya chini ni baridi kuliko ya juu yake, kinyume cha mchana. Wataalamu wa hali ya hewa huita hali hiyo invesheni. Sasa angalia matokeo yake. Kipande cha hewa kavu kikisukumwa juu hutanuka na kupoa, karibu nyuzi 10 kwa kila kilomita. Katika hewa ya usiku kitajikuta ni cha baridi na kizito kuliko majirani zake wapya, na kitarudi chini kilikotoka. Kikisukumwa chini kitakuwa chepesi na kitarudi juu. Kila mzunguko unaojaribu kuanza unazimwa. Hewa inalala kwa matabaka, moja juu ya jingine, na moshi ukiingia katika tabaka lake unabaki humo. Ule mstari unaouona alfajiri juu ya mpunga ni tabaka moja kama hilo, limepakwa rangi na moshi.

Hapo sijauweka mlima Kilimanjaro. Kutoka Mabogini, mita 700 na kitu juu ya usawa wa bahari, hadi kilele cha Kibo, mita 5,895, ni chini ya kilomita 40. Usiku hewa yote ya mteremko ule inapoa, inakuwa nzito, inateremka taratibu kama maji ya mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia, ikifuata mabonde na mikondo ya mito hadi tambarare. Kasi yake ni ndogo, na ndiyo maana jirani anasema hakuna upepo. Lakini upo: ni mwendo mwembamba, wa chini, usio na msukosuko, unaotoka mlimani kwenda kusini. Tanuri liko upande wa mlimani, nyumba yako iko chini yake. Moshi una njia moja tu usiku, na njia hiyo inapita kwako.

Tuweke namba. Mwaka 1961 Mwingereza Frank Pasquill alitoa njia rahisi ya kukadiria moshi unavyotanuka, kwa kuzigawa hali za hewa katika madaraja sita, kuanzia mchana wa jua kali hadi usiku mtulivu. Vipimo vya jinsi hiyo vilikuwa vimefanywa kwa bidii kubwa. Nebraska, Marekani, mwaka 1956, watafiti walitoa gesi ya salfa katika uwanda wa nyasi na kuipima kwa pinde za vipimo kutoka mita 50 hadi mita 800. Kwa jedwali zilizotokana na kazi ya Pasquill, nusu kilomita kutoka kwenye chanzo kilicho chini, mtawanyiko wa moshi wa mchana wenye jua ni mita 80 hivi kwenda pembeni na mita 50 kwenda juu. Usiku mtulivu ni mita 18 pembeni na mita 8 juu. Weka upepo wa mita 3 kwa sekunde mchana na mita 1 usiku. Tanuri lile lile, kuni zile zile: anayekaa katikati ya njia ya moshi usiku anavuta hewa yenye moshi mwingi karibu mara 80 kuliko ya mchana. Jedwali hizo ni za uwanda tambarare, si za miguu ya Kilimanjaro, kwa hiyo ichukue 80 kama ukubwa wa jambo, si kipimo cha nyumba yako. Hata ukiipunguza nusu, hoja ya jirani haisimami.

Kuna ushahidi mwingine ambao ni mzito kuutaja, ila unafika moja kwa moja. Katika Vita ya Kwanza ya Dunia, majeshi yaliyotumia gesi ya sumu yalijifunza kwamba mchana wa jua gesi inatawanyika bila kudhuru vya kutosha. Saa zilizowafaa zilikuwa za usiku na alfajiri, hewa ikiwa imelala. Waliotaka hewa iue walichagua saa zile zile anazozichagua jirani yako akidhani zinawalinda watu. Richardson mwenyewe alikuwa Mkweka, yaani mfuasi wa dhehebu la Kikristo linalopinga vita, alikataa kubeba silaha, akaendesha gari la wagonjwa Ufaransa wakati wa vita hiyo. Mwaka 1920 aliacha kazi katika idara ya hali ya hewa ya Uingereza ilipowekwa chini ya wizara ya vita vya angani.

Na London, kuanzia tarehe 5 hadi 9 Desemba 1952, hakukuwa na vita. Kulikuwa na baridi, hewa tulivu chini ya invesheni, na moshi wa makaa ya mawe kutoka majumbani na viwandani uliokosa pa kwenda. Hesabu ya kwanza ilikuwa vifo kama 4,000. Tanuri moja la matofali si London, na sitaki kukutisha. Lakini kanuni ni ile ile: moshi ni ule wa kila siku, msukosuko ndio ulioondoka.

Sasa asubuhi yako. Mwanzoni tanuri linapokokwa, moto ni mdogo, tofali bado zina unyevu, na moshi unaotoka ubavuni ni mweupe na wa baridi kiasi. Huo hauna nguvu ya kupanda. Unatambaa chini na kuingia madirishani. Ndio unaowalalia jioni. Kadiri usiku unavyokwenda tanuri linapata moto, moshi unatoka juu ukiwa wa moto, unapanda mita kadhaa mpaka ulingane joto na hewa inayouzunguka, kisha unageuka na kulala. Hapo ndipo unapojipanga mstari, juu ya mapaa. Ukiwa chini yake unaweza hata usiusikie, huku umetandazwa juu yako mzito karibu kama ulivyotoka tanurini.

Jua linapotoka linaanza kuipasha ardhi, na msukosuko unarudi, ila unaanzia chini. Saa moja na nusu unafika kimo cha migomba. Saa mbili unavuka mapaa. Unakua hivyo hadi unagusa tumbo la lile tabaka la moshi, na papo hapo unaanza kuukoroga hadi ardhini. Hauwezi kuupeleka juu, maana hewa ya juu bado imefungwa na invesheni. Njia iliyo wazi ni ya kushuka tu. Siku moja tazama mstari wako kwa makini wakati huo: upande wa juu bado umenyooka kama umepigwa rula, upande wa chini umeanza kuchanika, na nyuzi zinaning'inia kutoka humo. Nyuzi zile zikifika chini, ndiyo nusu saa yako. Baadaye msukosuko unapenya juu kabisa, kifungo kinavunjika, moshi unapata kilomita nzima ya kujipoteza, na wewe unaona umetoweka.

Kwa hiyo tumwombe nini? La kwanza, na kwangu ndilo kubwa, ni saa ya kukoka. Akoke saa nne au saa tano asubuhi, baada ya tabaka la usiku kuvunjika, ili ile hatua ya moshi mweupe mzito iishie katika hewa ya mchana. Najua tanuri la kienyeji huwaka siku kadhaa mfululizo na usiku hauepukiki. Lakini usiku wa tanuri lililoshika moto vizuri si sawa na usiku wa tanuri lililokokwa saa kumi na mbili jioni. Asiongeze kuni mbichi wala pumba zenye unyevu jua likishazama. Alishe vizuri mchana, na usiku aongeze kidogo kidogo, vikavu. Tofali zianikwe hadi zikauke kwelikweli kabla ya kupangwa. Hilo linamwokolea kuni pia, na mtu anasikiliza haraka zaidi akiona kuna faida mfukoni.

La pili ni mahali. Tanuri lijalo alijenge kusini mwa nyumba, upande wa tambarare. Mtu atakwambia mchana hewa inapanda kutoka tambarare kwenda mlimani, kwa hiyo moshi utawajia. Ni kweli, utawajia mchana, ukiwa umekorogwa na mwepesi. Usiku, wakati wa hatari, utateremka kwenda mbali nanyi. Aangalie tu asiwe anauhamishia kwa watu wengine walio chini zaidi. Bomba refu la moshi silisukumi sana: linaokoa majirani wa karibu usiku, lakini moshi wake nao utashushwa asubuhi kwa mtu wa mbele.

Kwako nyumbani, funga madirisha ya upande wa mlimani jua linapozama, na usiyafungue saa kumi na mbili asubuhi kwa mazoea. Subiri hadi saa tatu na nusu, kisha fungua yote wazi mchana kutwa. Ila kama mnapikia kuni au mkaa ndani, mwanangu, kufunga dirisha huku jiko linawaka ni hatari kuliko tanuri. Jiko litoke nje kwanza. Usitegemee pua, maana chembe ndogo zinazoshuka mapafuni hazina harufu ya kutosha kukuonya, na pua huzoea. Mtoto awe na dawa yake ya kuvuta wakati wote, na umweleze daktari wa kliniki kuhusu saa za moshi, ili apange dawa kwa kuzijua. Jirani akikataa mazungumzo, nenda kwa mtendaji wa kijiji na afisa mazingira wa halmashauri. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ipo tangu mwaka 2004, lakini naamini mkikaa naye mkatazama ule mstari pamoja alfajiri moja, hamtafika huko.

Jambo la mwisho ni Juni na Julai. Mawingu yakifunika mji wa Moshi siku nzima, jua haliipashi ardhi vya kutosha na msukosuko wa mchana unakuwa dhaifu. Saa nne ya miezi hiyo si saa nne ya Februari. Wakati huo asikoke kwa saa ya ukutani. Awashe kwanza kijimoto cha majani uwanjani na kukitazama. Moshi ukilala, asubiri. Ukipanda huku unachanika, aendelee na tanuri lake.